Mtu Asiye na Kivuli

Jumatatu, 29 Septemba

Nimeshtakiwa! Mimi, Griffins, mwasisi wa Malimwengu, hadithi tunayoandika kwa zamu kwenye simu, nimeshtakiwa mbele ya kundi zima kama mwizi wa kuku.

Mshtaki ni Najmuddin. Nani mwingine? Anauza marashi na udi hapa Kibokoni, karibu na chumba changu, na maneno yake yanasambaa kuliko harufu ya duka lake. Anasema mhusika wangu, Jabali, ana nguvu kupita kiasi. Anameza radi. Anasimamisha mito. Anaweza kuwa katika dunia mbili kwa wakati mmoja. Akikatwa, anaungana. Kuandika hadithi pamoja na Jabali, asema, ni kama kucheza dama na mtu anayetafuna kete.

Wivu! Mhusika wake yeye ni Zafarani, tabibu kizee mwenye uwezo mmoja tu: kusikia yale ambayo nyumba inakumbuka. Nani alimkataza kuomba radi?

Bi Mahjabeen, mwamuzi wetu, ametoa hukumu kutoka duka lake la dawa, katikati ya wagonjwa wa kikohozi. Kila nguvu iwe na gharama. Kila mhusika awe na kifo chake, kiandikwe wazi, wote wakijue. Nimepewa hadi Jumatano.

Nikakumbusha kwamba Malimwengu tuliyaanzisha mimi na marehemu Benard, enzi za kukaa chumba kimoja, huyu akiandika kipande kwenye simu na yule akiendeleza. Mahjabeen akajibu kwa upole kwamba anajua. Na kwamba Benard naye alikuwa na kifo chake.

Upole wa mwanamke yule unauma.

Mhusika wa Benard, Shomari, bado amesimama mlangoni, pale dunia zote zinapokutana. Tangu mwaka jana hakuna aliyemwandikia neno. Tunampita kando tu, kama watu wapitavyo mbele ya nyumba yenye msiba.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimepata! Akili kama hii haipatikani Kibokoni, pengine hata Mombasa nzima.

Nimeandika hivi: Jabali atakufa tu akiguswa na mtu asiye na kivuli, mchana, jua likiwaka, uwanjani. Gharama ipo. Kifo kipo. Sheria imetimizwa. Na mtu wa namna hiyo hajazaliwa!

Mahjabeen akasoma, akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa. Akakubali. Najmuddin akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa mtamu kuliko kaimati.

Jioni nimetembea vichochoroni nikikagua vivuli. Mwuza kahawa anacho. Paka anacho. Najmuddin anacho, tena kirefu kuliko stahili yake.

Alhamisi, 2 Oktoba

Asubuhi, kabla ya kazi, Jabali ameichoma nyumba ya Zafarani. Si kwa ubaya. Kwa mfano tu. Najmuddin akaandika kwamba Zafarani ameketi kwenye majivu, anasikiliza, na hasikii kitu. Kundi zima likamtumia nyuso za machozi. Nilitarajia makofi.

Alasiri nilikuwa ofisini, najaza karatasi za makontena ya watu. Simu ikatikisika. Jina juu ya ujumbe: Benard.

Sikuwahi kulifuta jina lile. Maneno yalikuwa machache. Shomari ameinua kichwa. Anasema, Jabali, kesho saa sita mchana nitakuja.

Simu ikaanguka ndani ya chai. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati. Maneno yalikuwa bado yapo.

Mahjabeen akauliza nani anafanya mzaha huu. Hakuna aliyekiri. Najmuddin akaandika kwamba tumwombee marehemu na tusiguse kitu. Mimi nimeomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, kusiwe na kisingizio huko juu.

Maana simu ya Benard ilizikwa naye. Mama yake mwenyewe aliitia mfukoni mwa suti, upande wa moyo. Nilikuwepo. Nilishika kona ya jeneza.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mpango: kukaa ndani. Ofisini hakuna uwanja, hakuna jua, na nyuma ya kabati la faili pana nafasi ya mtu mwembamba.

Bosi akanikuta huko. Akanituma nipeleke stakabadhi kwa mteja Mji wa Kale. Nikasema tumbo linauma. Akasema tumbo si la kutembelea.

Nilifika uwanja wa mbele ya Ngome jua likiwa utosini. Kwanza niliona nguzo ya taa. Kivuli chake kilikuwa kimekonda hadi kikaisha. Nikaona nguzo nyingine. Hivyo hivyo. Wanaume wenye kanzu nyeupe walikuwa wakielekea msikitini, na hakuna kilichowafuata ardhini. Walitembea kama watu waliobandikwa juu ya nuru. Sauti nazo zilikuwa zimepungua, ama ni masikio yangu.

Nikaangalia miguuni mwangu.

Hakuna.

Nikasogea, labda nimekikanyaga. Hakuna! Nikainua mguu mmoja kama korongo. Palikuwa na doa dogo chini ya soli, basi. Nikaushusha mguu, doa likamezwa.

Simu ikatikisika. Shomari ametoka mlangoni. Leo Mombasa nzima haina kivuli. Amemwekea Jabali mkono begani.

Na mkono ukanigusa begani.

Yowe nililopiga lilisikika hadi Kilindini. Watu wa kanzu waligeuka. Alikuwa Najmuddin, njiani kwenda kuswali, simu mkononi, midomo imemkauka. Akaniuliza kwa kunong'ona kama naona anachokiona. Nikasema naona. Tukasimama pale, mahasimu wawili, tukikodolea ardhi macho, mpaka ukingo mwembamba mweusi ukaanza kurudi kando ya viatu vyetu.

Hakunicheka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimekata rufaa. Hoja ya kwanza: maiti hawezi kuua, kwa hiyo pigo ni batili. Hoja ya pili: kama ni mzimu, mzimu huo haukulipa gharama ya nguvu zake. Hoja ya tatu: siku ile nami sikuwa na kivuli, na Jabali ni wangu, kwa hiyo mambo yamechanganyika na yafutwe yote.

Mahjabeen hakubishana. Alifanya jambo ambalo hakuna mwanamume kati yetu aliyethubutu. Aliipiga ile namba.

Mwanamke akapokea. Akaomba radhi hata kabla hajaulizwa. Anaitwa Rosebella. Namba ikikaa kimya muda mrefu huuzwa upya, na yeye ndiye aliyeuziwa. Atatuona kesho, Kibarani.

Mzimu unakaa Kibarani na unaomba radhi! Nitamfanya alifute pigo lake kabla ya chai. Nimeandaa hotuba.

Jumapili, 5 Oktoba

Najmuddin alikuja pia. Kunisindikiza tu, alisema. Mfukoni alikuwa na ubani.

Rosebella ni mwalimu wa jiografia, sekondari. Alitusubiri pale palipokuwa jalala, ambapo sasa pana nyasi na miche. Joto lilikuwa likipanda kutoka chini, kana kwamba taka za mji mzima bado zinapumua. Akatueleza kwamba alipoiwasha laini yake mpya, kundi letu lilimjia pamoja nayo. Alitaka kutoka. Akasoma kipande kimoja, kisha kingine. Hakutoka.

"Nyumba ya Zafarani ilinikaa moyoni," akasema. "Ulipoichoma, kaka, nilikasirika. Nikakumbuka kifo ulichojiandikia. Hapa kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na mara ya pili ilikuwa kesho yake."

Mara mbili! Nami nimeishi mji huu miaka yote hiyo nikitazama mbele tu.

"Lakini kwa nini ulimpa nguvu nyingi hivyo?" akauliza.

Hotuba yangu ikapotea. Nikamwambia. Benard alipolazwa, kila nilipokwenda kumwona aliniagiza nimwongezee Jabali kitu. Radi, siku waliyomchoma sindano ya mgongo. Mito, siku figo zilipokataa. Dunia mbili, siku alipoomba kurudi nyumbani na madaktari wakasema bado. Kuungana ilikuwa ya mwisho.

"Mimi niliandika tu," nikasema.

Najmuddin alikuwa akitazama viatu vyake. "Mbona hukutuambia?"

"Mngemwonea huruma Jabali. Angekuwa si kitu."

Hapo simu ya Rosebella ikalia. Akatutazama, akasita. "Ni mama yake," akasema. "Hupiga kila Jumapili akitoka kanisani. Mara ya kwanza nilimwambia amekosea namba. Akasema hakukosea, simu aliizika kwa mkono wake. Alitaka tu kusikia ikilia."

Akaiweka simu katikati yetu, sauti juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko kuna jua?"

"Kali, mama."

"Huku Butere mvua." Akasikiliza kidogo. "Leo si wewe peke yako. Kuna mtu anapumua hapo."

Nikaisogelea simu. "Ni mimi, mama. Griffins."

"Griffins yule asiyekubali kushindwa?"

"Ndiye huyo, mama," akasema Najmuddin, bila kuulizwa.

Mama akacheka. Akacheka hadi akakohoa. "Benard aliniambia, siku huyo akishindwa nimpe pole. Basi pole, mwanangu. Pole sana."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za Jabali. Nimemwuliza Rosebella njiani, nikamwuliza tena stendi. Hajamwambia. Wao huzungumza mambo ya mvua na mahindi tu.

Sikudai pigo lifutwe. Nilisahau.

Jumatatu, 6 Oktoba

Jabali amezikwa.

Mahjabeen alisema niandike mwenyewe. Niliandika wakati wa chakula cha mchana. Radi imerudi mawinguni. Mito imeendelea na safari zake. Zafarani alikuja kutoka kwenye majivu yake kumwosha, na Najmuddin aliandika kwamba mwili ule, kama nyumba, ulikuwa na mengi ya kukumbuka, na kizee aliyasikia yote, na hakumwambia mtu.

Kisha Rosebella akaomba ruhusa, kwa mara ya mwisho. Shomari akauacha mlango. Akamshika Jabali mkono, wakavuka pamoja kwenda upande wa kimya, ambako waliokufa hukaa na wasirudi. Mlango ukabaki wazi, bila mlinzi. Rosebella atapata mhusika wake mpya.

Bosi aliniuliza macho yana nini. Nikasema vumbi la makontena.

Najmuddin ameniletea kichupa cha marashi. Nimejipaka. Yananukia vizuri, lakini sitamwambia.

Najisikia mwepesi. Nimeelewa sasa: nguvu bila kifo ni kelele tu. Mtu mzima hukubali.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimezisoma sheria za Mahjabeen upya, neno kwa neno, kwenye foleni ya forodha.

Zinasema aliyekufa hatarudi. Sawa, harudi! Hazisemi kwamba huko aliko asitawale. Hazisemi asiwe na jeshi. Na ni nani atakayemwua mtu aliyekwisha kufa? Kwa kifo gani? Kile chake kimeshatumika!

Nimeandika mara moja, kabla hajaniwahi mtu: Upande wa kimya, Jabali ameamka, amekaa, ameanza kuhesabu askari. Waliokufa ni wengi kuliko walio hai. Najmuddin amejibu kwa nukta tatu tu. Anatetemeka.

Tatizo ni moja. Shomari naye yuko huko, na waliokufa wanamwamkia yeye. Benard daima alikuwa akipendwa na watu kuliko mimi, hata ofisini kwangu, hata kwa mwuza kahawa. Nimeshaanza kumchongea.