Mipaini Mitatu Kihambani

Jumatatu, 9 Desemba 1996
Nimepata kitabu cha bustani Majengo, kwa fundi viatu. Hakina jalada. Ndani kuna mpaini wa milimani: mfupi, mnene, umekaa kama kuku anayeatamia. Mti wa matajiri! Krismasi ukoo wote unapanda kutoka Dar, na Baba atanionyesha kipande changu cha kihamba, shamba letu la ukoo. Wakikuta bustani, nani ataninyima kile cha barabarani?

Jumatano, 11 Desemba
Nimechimbua miche mitatu pembeni ya msitu. Mlinzi kasema hii inarefuka hadi kuupita mnara wa kanisa. Nikamwambia asome vitabu. Kitabu kinataka mahali pa wazi, migomba isizibe jua. Nimepapata! Nyuma ya nyumba, masale matupu, vimti vya majani marefu tu. Nimeyang'oa yote, nikayakatakata, nikamtandikia ng'ombe zizini. Nimepanda mipaini miwili, wa tatu nimeuweka kwenye kopo.

Ijumaa, 13 Desemba
Mama kaona. Kashika kichwa. Kumbe pale kalala babu yake Baba! Hakuna msalaba, masale ndiyo alama. Wote walijua, kasoro mimi.
Nimempa Baba shikamoo mara mbili. Kanipa mgongo. Hata kahawa kairudisha. Dada Gladness kasema kihamba nikisahau. Mama kaniambia nipeleke isale, nipige magoti. Mzazi akipokea isale, hawezi kukunyima msamaha.

Jumapili, 15 Desemba
Isale sina hata moja! Nikamwomba binamu Sirili. Kacheka mpaka kakaa chini. Eti nimwombe ng'ombe, si ndiye kayalalia?
Nikang'oa moja mpakani kwa Baba mdogo Filemon. Nikapiga magoti. Baba kalipokea kwa mikono miwili. Kaona mizizi. Kauliza nimelitoa wapi. Nikasema. Kashusha pumzi: isale la msamaha hukatwa jani, haling'olewi, tena la mpakani ndilo alama ya mpaka.
Akaenda nyuma, akaing'oa mipaini, akalipanda lile isale juu ya babu yake. Alishindilia udongo kwa viganja, taratibu. Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia.
Ya kaburi kanisamehe. Ya mpaka, nimpelekee isale Baba mdogo. Kabla ya hapo hanionyeshi hata hatua moja ya kihamba.

Jumatatu, 16 Desemba
Baba mdogo anarudi kesho kutoka Chekereni, kwenye mpunga wake. Isale napata wapi? Nimepita kwa jirani, Mzee Eliezeri. Mpakani kwake yapo mstari mzima! Moja likipungua hatajua. Jani litanyauka hadi kesho, napeleka zima. Ndiyo heshima.
Halafu pale pana jua zuri ajabu. Shimo likibaki wazi, mpaini wa tatu upo kwenye kopo.