DNA Hatoki Stoo

Jumatatu, 3 Juni

Hatimaye! Siku ya wazazi, Jumamosi hii, mwalimu wa biolojia ataonyesha jinsi seli inavyotengeneza protini, na waigizaji ni sisi walimu. Ofisa elimu atakuwepo. Kiti cha makamu mkuu wa shule kiko wazi tangu mwenyewe astaafu. Mwenye akili ameshaelewa.

Nikamuuliza mwalimu wa biolojia mkubwa wa seli ni nani. Akasema hakuna mkubwa hasa, ila maagizo ya kutengeneza protini yameandikwa kwenye DNA. Nikamkatiza. Nikasema basi DNA ni mimi, tusipoteze muda. Akataka kuongeza jambo. Nikamwambia nitalisoma mwenyewe. Mwalimu wa jiografia wa miaka yote hii hafundishwi kusoma.

Filimbi, mwalimu wa michezo (nadhani hata kuoga anaoga nayo shingoni), kapewa RNA, mbeba ujumbe wa DNA. Tarishi! Nimempa pole. Kwa moyo mweupe kabisa.

Nimempigia mama mkwe. Aje, akae mbele.

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi. Lile jambo nililomkatiza lilikuwa hili: DNA hatoki kwenye kiini cha seli. Na kiini ni stoo ya vitabu, pembeni mwa ukumbi. Ina mlango. Mlango unafungwa.

Yaani mimi, mwenye maagizo yote, nimevishwa kamba mbili zilizosokotwa, nimebandikwa kadi za herufi A, T, G na C toka bega hadi goti, halafu nafungiwa na madaftari ya zamani. Filimbi anaingia, ananakili sehemu ndogo tu ya herufi zangu, kila moja na mwenzake: A kwa T, G kwa C. Penye A yangu anaandika U, kwa sababu RNA haina T. Halafu huyo anatoka mbio! Ukumbi mzima unamwona.

Anapeleka ujumbe kwa ribosomu, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Huyo anausoma herufi tatu tatu. Kila tatu zinaita mwanafunzi mmoja mwenye fulana ya rangi, ndiyo asidi amino, naye anamshika mkono aliyetangulia. Mnyororo ukiisha wanajikunja, imekuwa protini.

Wanafunzi walimpigia Filimbi makofi. Kwa kukimbia! Mbuzi naye anakimbia.

Jumatano, 5 Juni

Nimepigania haki yangu. Protini ikishajikunja, mlango utafunguliwa, nami nitahutubia nikiwa kizingitini. Mwalimu wa biolojia alisema kwenye seli halisi hakuna hotuba. Nikamwambia hata ofisa elimu hakuna. Akachoka, akakubali.

Hotuba ina kurasa nne. Nimemsomea mke wangu. Alilala kwenye ya pili, kazi za nyumbani zinamchosha sana.

Alhamisi, 6 Juni

Filimbi ameshona joho. Jekundu! Mkuu wa shule kamwambia limemkaa vizuri. Mimi aliniuliza kama kamba hazinibani.

Hili halivumiliki. Mchana nimeingia stoo peke yangu, nikabandua kadi moja tu ya mavazi yangu, G, nikabandika T mahali pake. Filimbi atanakili kosa, atalipeleka mbele za watu, ataumbuka. Herufi moja. Nani amewahi kufa kwa herufi moja?

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa taabu. Kamba zimeniachia alama.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Filimbi aliingia na joho lake, akanakili, akatoka. Mwalimu wa biolojia akafunga komeo kwa nje, upepo usije ukafungua mlango. Nikatega sikio. Mwalimu wa hesabu akaanza kusoma. Fulana ya kijani ikaitwa, ikaja. Ya njano ikaja. Ya bluu. Halafu hakuitwa mtu.

Kumbe ziko herufi tatu tatu zisizoita mtu. Zinamaanisha simama, kazi imeisha. Na kadi niliyoigusa, katika kadi zote nilizobandikwa, iligeuza UAC kuwa UAA kwenye nakala ya Filimbi. Mtu mwingine angeona mambo yameharibika, angeendelea tu. Mwalimu wa hesabu hajui kuigiza. Anasoma kilichoandikwa.

“Simama!” akatangaza. “Mnyororo umekamilika.”

Watoto watatu tu! Hata kujikunja hawakuweza, waliinama kidogo wakaona aibu. Wenzao walibaki wamepanga foleni na fulana zao. Mkuu wa shule akadhani ndiyo mwisho, akapiga makofi, akakaribisha wageni chakula.

Nikagonga mlango. Viti vilikuwa vinaburutwa, nani asikie? Nikaanza hotuba kwa sauti, labda wangevutiwa. Nilifika ukurasa wa tatu. Kwa nje nikamsikia mama mkwe akimuuliza mke wangu:

“Mwanangu, mbona mumeo hakuja?”

“Amekuja, mama. Yuko stoo.”

“Amefanya nini tena?”

Nilifunguliwa wageni walipokuwa wanakunywa chai.

Jumatatu, 10 Juni

Kikao. Nilisimama wa kwanza, nikasema kwa masikitiko kwamba baadhi yetu tunakimbia sana na kunakili vibaya. Mwalimu wa biolojia hakubishana. Aliweka nakala ya Filimbi mezani, akaweka na kamba zangu, akalinganisha herufi kwa herufi. Filimbi hakukosea hata moja. Kosa lilikuwa kwenye asili, akasema, na RNA akikuta kosa kwenye DNA atalinakili lilivyo. Kisha akabandua T yangu. Gundi bado mbichi.

Macho yote kwangu. Nikasema stoo ina unyevu.

Mkuu akasema shule inahitaji mtu anayefikisha jambo kama alivyolikuta. Makamu mpya ni Filimbi. Filimbi mwenyewe akanipa mkono. Akaniambia hana kinyongo, jambo ambalo limeniudhi kuliko yote.

Alhamisi, 13 Juni

Mwalimu wa fizikia naye anataka maonyesho muhula ujao: mfumo wa jua. Nimewahi kabla ya kengele, nimeomba kuwa Jua. Liko katikati, linawaka, halina mlango. Alitaka kuongeza jambo, nikamwambia nitalisoma mwenyewe.

Filimbi kapewa Mwezi. Mwezi, mwalimu yeyote wa jiografia anajua, hupatwa.