Nyama Niliyoifunga Uzi

Leo sina uso wa kuwaonyesha.

Nawaambia mwenyewe, wenzangu wa gereji, kabla dereva yeyote wa lori hajapita hapa mjini Wote akawasimulia kwa namna yake. Mtito Andei nzima inajua. Afadhali msikie kutoka kwa mwenye aibu.

Mnanijua mimi Musyoka. Siku zote nanyanyua kichwa. Kwenye magurudumu nina washindani wawili watatu, lakini kwenye nyama choma sina. Pale buchari ya sokoni hakuna aliyewahi kunibadilishia nyama, na mnajua wenyewe kulivyo. Unachagua mbavu zako mbichi, unafunga kauzi kwenye mfupa, halafu unasimama karibu na moto mpaka ziive. Ukienda kupiga stori umekwisha! Uliacha mbavu, utaletewa shingo, na ukiuliza utaambiwa ndizo hizo ulizochagua. Mimi siendi popote. Nafunga fundo langu, nasimama, natazama. Wengine wanasema nina kiburi. Waseme, lakini wao ndio hula shingo.

Sasa leo ilikuwa siku kubwa. Wazazi wa Ndinda walikuwa wamefika Mtito Andei kumtembelea. (Ndinda ni yule mwalimu ambaye nimewachosha masikio kwa habari zake.) Wametoka Tseikuru, kule juu kabisa Kitui, ambako baba yake anafuga mbuzi na ni mzee wa kanisa. Nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwake: niruhusiwe kupeleka ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa kuposa. Bila hilo neno sina mke. Nimemtuma mjomba wangu kule zaidi ya mara moja, na kila mara anarudi na jibu kwamba mzee bado anafikiria. Leo nilitaka amalize kufikiria.

Ndinda alitaka kuwapikia nyumbani kwake. Nikakataa.

"Watu wametoka Tseikuru wakuje kula kile wanakula Tseikuru? Wacha mimi."

Nilikuwa na mpango. Kule kuna hoteli mpya ya Mchina karibu na kituo cha petroli, na madereva wanaisifu mpaka mate yanawatoka. Unalipa mara moja, unakula mpaka ushibe. Lakini kilichonivuta ni kitu kingine. Walisema wewe mwenyewe unachagua nyama mbichi, unaiweka kwenye bakuli, halafu mpishi anaikaanga mbele ya macho yako kwenye chuma kikubwa cha duara, mtindo wa Wamongolia. Jamani! Kuchagua nyama? Kusimama karibu na moto? Hiyo ni kazi niliyozaliwa nayo. Hao Wamongolia walikuwa wananingoja mimi.

Nikavaa sweta nyekundu ambayo mama yake Ndinda alinifumia kwa mkono wake akanitumia wakati wa Krismasi. (Ndiyo, sweta. Mtito Andei. Mchana. Chekeni tu, hatujafika hata nusu.) Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, lakini nilitaka mama aione. Mkwe anayevaa zawadi ni mkwe anayeshukuru.

Tukafika. Nthoni nazo, zile heshima za ukwe, mnazijua: mama mkwe hawezi kukaa akila mbele ya mtu anayetaka kumwoa binti yake, na wala hawazungumzi hivi hivi. Kwa hiyo mama akasalimia kwa mbali, akatazama sweta, akatabasamu kidogo, akaenda na Ndinda kwenye meza iliyokuwa nyuma ya nguzo, wakatupa mgongo. Mimi na mzee tukachukua meza ya dirishani. Nikajiambia, Musyoka, umeanza vizuri.

Nikampeleka mzee kuona nyama. Ilikuwa imepangwa kwenye trei, ya ng'ombe, ya kuku, ya mbuzi, yote imekatwa nyembamba sana. Mzee akachukua kipande kimoja cha mbuzi kwa uma, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukapita.

"Hii ni nyama ama ni karatasi?"

"Ni nyama, mzee. Ni vile ya kisasa."

"Na mfupa iko wapi?"

"Hawaweki mfupa."

"Sasa bila mfupa utajua aje ni mbuzi?"

Nikacheka kile kicheko cha mtu anayejua, nikamwambia, "Mzee, wewe kaa. Mimi nitakuletea." Mzee wa watu hawezi kupanga foleni na bakuli mkononi. Akaenda kukaa.

Nikachukua mabakuli mawili meupe. Yote nikayajaza sawasawa, mbuzi, kabichi, karoti, vitunguu, kwa sababu sikutaka mzee aone mimi nimejipakulia zaidi. Yalifanana kama mayai. (Kumbukeni hapo.)

Nikafika kwenye kile chuma. Ni kipana kuliko meza ya harusi, na kinawaka kweli kweli. Mpishi alikuwa Mkamba mwenzetu, Mwanzia wa Makindu, amevaa kofia ndefu nyeupe na ameshika vijiti virefu viwili vya kugeuzia. Mbele yangu kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye taulo shingoni. Mwanzia akamwaga bakuli la dereva juu ya chuma. Halafu akaninyooshea mkono nimpe na yangu, amwage hapo hapo pembeni. Chuma kimoja! Nyama ya watu watatu! Hakuna ukuta, hakuna waya, hakuna chochote cha kutenganisha.

Damu ikanichemka. Nikaona shingo inakuja.

Alama ilikuwa lazima, lakini mfupa wa kufungia haukuwepo na uzi sikuwa nao. Nikamwambia Mwanzia angoje kidogo, nikageukia meza ya mboga, nikapapasa chini ya sweta nikapata ncha imelegea. Nikavuta. Ikaja vizuri. Nikakata kwa meno, nikakusanya vipande vya mbuzi kadhaa, nikavifunga pamoja kama mzigo wa kuni, fundo langu lile lile la buchari, nikavificha chini ya kabichi. Bakuli la mzee sikulifunga kitu. Yangu ina uzi, ile nyingine ni yake, mambo kwisha. Nilijisikia mwerevu, siwadanganyi.

Mwanzia akamwaga. Chuma kikalia chwaaa! Akaanza kusukuma zile chungu tatu kwa vijiti vyake, polepole, kuzunguka chuma. Na mimi nikaanza kuzunguka.

"Bosi, simama hapo tu."

"Naifuata nyama yangu."

"Haiendi mahali."

"Inaenda! Si naiona inaenda!"

Nyama ikizunguka, nami nazunguka. Dereva ananipisha, napita. Nakuja tena, ananipisha tena, napita. Watu kwenye meza wameanza kugeuka, lakini mtu anayelinda mali yake hana muda wa kutazama watu. Nikasikia kaubaridi tumboni. Nikadhani ni feni. Nikasema moyoni, hii hoteli wamejipanga.

Halafu Mwanzia akarusha mafuta kutoka kwenye chupa na moto ukaruka juu mpaka karibu na kofia yake! Nikaruka nyuma nikafumba macho. (Mngefumba pia.) Nilipofumbua, nyama imeshaiva, na mabakuli yote matatu yamejaa, yamepangwa kwenye kaunta, yanatoa moshi.

Mzee hangojeshwi. Dereva akachukua lake, mimi nikachukua moja upesi, nikampelekea mzee kwa mikono miwili, nikainama kidogo. Akanitazama vizuri. Kweli, nilimwona ananitazama vizuri! Akafumba macho akaanza kuomba, nami nikarudi kuchukua langu.

Nikachimba na uma. Kabichi. Karoti. Mbuzi. Uzi hakuna.

Nikachimba tena mpaka chini. Hakuna!

Pale buchari yetu, ukibadilishiwa nyama, anayepiga kelele kwanza ndiye hushinda. Nikapiga.

"Nyama yangu imebadilishwa!"

Mwanzia akaweka vijiti chini.

"Bosi, mbuzi ni mbuzi. Yote imetoka trei moja."

"Usiniambie trei. Yangu ilikuwa na alama."

Nikamfuata dereva mpaka mezani kwake. Alikuwa ameshaanza kula. Nikamwomba, kwa heshima zote, nitazame ndani ya bakuli lake.

"Lakini mimi nimekula nusu," akasema. "Sasa unataka nitapike?"

Nikatazama ile nusu iliyobaki. Nikageuza kila kipande kwa uma wangu, yeye ameinua mikono juu kama mtu anayepekuliwa na polisi. Hakuna. Basi nikasimama katikati ya hoteli, kifua mbele, nikatangaza kwa sauti ile yangu ya kuuza magurudumu:

"Sikilizeni! Nilifunga uzi mwekundu. Mtu yeyote mwenye atapatikana na huo uzi, huyo ndiye mwizi!"

Watu wakaanza kuchungulia mabakuli yao.

Halafu nyuma yangu, upande wa dirisha, nikasikia mtu anakohoa.

Wenzangu, sikutaka kugeuka. Shingo iligeuka yenyewe. Mzee alikuwa ameweka uma chini na ameingiza vidole viwili mdomoni. Anavuta. Uzi mwekundu ukatoka. Akavuta tena, ukatoka tena. Nilikuwa nimefunga fundo la kweli, na mkia wa kutosha! Ulipomalizika kutoka akaushika juu, ukining'inia na sosi, hoteli nzima ikiutazama. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili na kuinama juu yake, ndiye niliyempelekea bakuli langu.

"Kwa hivyo," mzee akasema polepole, "mwizi ni mimi."

Moyoni nilimwona mjomba wangu akirudi tena kutoka Tseikuru mikono mitupu, na safari hii bila hata kuambiwa kwamba mzee anafikiria.

Hapo ndipo mama akatoka nyuma ya nguzo. Nthoni zikawekwa kando kidogo. Akapita karibu nami bila kunitazama, akachukua ule uzi kwa mzee, akaupitisha kati ya vidole vyake, taratibu, kama watu wanavyokagua kitambaa dukani. Halafu akaangalia sakafu. Nami nikaangalia sakafu.

Uzi ulikuwa kila mahali! Ncha ya sweta niliyoikata kwa meno ilikuwa imenasa kwenye msumari wa meza ya mboga, na kila nilivyozunguka kile chuma, sweta ilikuwa inafumuka. Imezunguka miguu ya viti, imezunguka kiatu cha dereva, ikarudi kwangu. Nikatazama tumbo. Sweta ilikuwa imefika mbavuni na vesti yangu iko nje mbele ya mama mkwe. Ile haikuwa feni.

"Aiiya!" mama akasema. "Kazi yangu!"

Na kwa kuwa hazungumzi nami, akamgeukia Ndinda. Mimi nimesimama hapo hapo, hatua moja kutoka kwake.

"Ndinda, muulize huyo, hii sweta nilimpea avae ama afunge nayo nyama?"

Ndinda akanigeukia. Alikuwa anauma mdomo asicheke. "Mama anauliza, nilikupea uvae ama ufunge nayo nyama?"

"Mwambie nilikuwa nailinda," nikasema.

"Anasema alikuwa anailinda."

"Kutoka kwa nani?"

Ndinda akamtazama baba yake. Kila mtu akamtazama baba yake. Na mzee, ambaye tangu nimjue sijawahi kuona meno yake, akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani uzi mwingine umemkwama. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika meza, mpaka machozi yakatoka, mpaka Mwanzia akamletea maji.

"Nimechunga mbuzi tangu nikiwa mtoto," akasema alipopata pumzi. "Nimeona wakiwekwa alama kwa sikio. Nimeona wakiwekwa alama kwa mguu. Lakini mbuzi ameshachinjwa, ameshakatwa, ameshapikwa, na bado mtu anamwekea alama! Huyu kijana hawezi kupoteza kitu."

Mama hakucheka. Alikuwa anakusanya uzi wake sakafuni, anauzungusha mkononi kuwa donge, akiufuata mpaka kwa dereva, ambaye aliinua mguu kwa adabu. Alipofika mwisho akajikuta amesimama mbele yangu, ameshika donge, nami bado nimeunganishwa nalo tumboni. Akageuza uso upande.

"Ndinda, mwambie hiyo sweta ailete nyumbani niimalizie. Tseikuru, si hapa."

"Mama anasema uilete Tseikuru."

"Na mwambie asikuje mikono mitupu. Mzee amemaliza kufikiria."

Ndinda hakuweza kuirudia hiyo. Alikuwa ameshika nguzo analia kwa kicheko, au analia tu, sikujua, na mimi mwenyewe macho yalikuwa yameniuma. (Moshi wa kile chuma ni mkali sana.)

Kwa hiyo, wenzangu, mkisikia hadithi ya mtu aliyemwita baba mkwe wake mwizi huku tumbo liko wazi, msiulize ni nani. Na kama lazima mcheke, chekeni mkinitafutia gari la kwenda Tseikuru, kwa sababu mbuzi wa ntheo nimeshawachagua, na kila mmoja nimemfunga uzi mguuni.