Mimi, Kabati la Joto

Jumatatu, 7 Juni 1993

Leo miezi minane na siku nne tangu nitoke Kondoa. Nilimwambia mke wangu Habiba nakwenda miezi mitatu tu, kubeba mizigo bandarini Itungi. Mizigo ikapungua, mgongo nao ukachoka. Sasa niko Ipyana, nabeba maji ya kisomi.

Mwenye maji ni Dada Mercy, mwanafunzi wa chuo kikuu, anatafuta shahada ya pili ya vijidudu. Si utani. Kuna shahada ya vijidudu! Anachota maji ya visima, anayachuja kwenye kikaratasi chembamba, kikaratasi anakilaza ndani ya kisahani cha plastiki chenye uji mgumu. Kisahani kikikaa kwenye joto la mwili siku moja kamili, kila kijidudu kinakuwa doa. Anahesabu madoa. Madoa mengi, kisima kibaya.

Jumamosi profesa wake anakuja kukagua visima kumi na viwili. Dada Mercy kaniahidi: hesabu ikienda vizuri, ataniombea kazi ya mhudumu wa maabara chuoni. Koti jeupe! Mshahara wa kila mwezi! Kosa langu ni moja tu. Nilimwandikia Habiba kwamba kazi nimekwisha kuipata. Shemeji yangu katangaza msikitini.

Bahati mbaya leo. Sanduku la joto la Dada Mercy linapashwa na taa ya chemli. Niliona si dhambi kuchoma hindi moja juu ya chemli ile. Kioo kikapasuka, paa! Sanduku likaungua upande. Nilisema panya. Dada Mercy akauliza panya gani anakula mahindi ya kuchoma. Nikasema panya wa Kyela nimewakuta hivyo hivyo.

Jumanne, 8 Juni

Kyela mjini hakuna kioo cha kufaa. Dada Mercy kasoma mahali kwamba visahani vinaweza kukaa kwenye tumbo la mtu, ndani ya mkanda wenye mifuko. Anahitaji tumbo lenye joto. Matumbo yaliyopo ni mawili: langu na la Hebroni.

Hebroni ni kijana wa hapahapa, ana kidato cha nne na hasahau kukitaja. Yeye ndiye mshika kipimajoto. Akiniita ananiita Mzee wa Kondoa, mimi wa miaka thelathini na saba! Naye anautaka ule uhudumu.

Kupimwa kulikuwa saa sita. Mimi tangu saa tatu nilikaa juani nimevaa koti la mtumba la sufu, nikanywa vikombe vinne vya chai ya tangawizi. Hebroni, mjinga, alioga.

Yeye nyuzi thelathini na sita na kidogo. Mimi thelathini na saba kamili! Dada Mercy alipima mara tatu, akanipa mkono. Darasa la sita niliachia njiani, sikuwahi kushinda mtihani wowote. Leo nimeshinda kwa kwapa.

Hebroni akasema hata ng'ombe ana joto. Wivu.

Jumatano, 9 Juni

Baiskeli tangu alfajiri. Mwaya, Ikolo, tukarudi Ipyana. Visima kumi na viwili, chupa kumi na mbili, tope mpaka magotini. Kila kisima kina mama anayeuliza kama tumeleta pampu. Hebroni anajibu kwa Kinyakyusa kirefu, wanacheka wakiniangalia. Sijui anasema nini. Najua si mazuri.

Saa kumi jioni Dada Mercy kanifunga mkanda. Visahani kumi na viwili kuzunguka tumbo. Masharti: nisioge, nisiiname, nisilalie tumbo, nisikimbie, nisijikune. Mpaka kesho saa kumi. Kaniambia kazi yake ya miaka miwili iko tumboni mwangu. Nikasema asiwe na wasiwasi.

Mama Anyes, mwenye nyumba tuliyopanga, kaniona nikiingia. Akauliza kwa huruma ni ugonjwa gani. Hebroni akamjibu kwamba ni miezi saba sasa.

Alhamisi, 10 Juni

Sikulala. Nilikaa kwenye kiti kama mwali. Swala nimeswali nimekaa, kama mgonjwa. Visahani vinabana, vinawasha, na kuvikuna hairuhusiwi. Asubuhi Hebroni alinisalimia "Ugonile, mama kijacho." Akaniuliza nimechagua jina.

Nami leo nilikuwa na shughuli. Khamisi, mfanyabiashara wa mjini mwenye duka la sabuni, kaleta video. Runinga kubwa kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, picha ya karate, saa nane mchana. Tangu biashara zifunguliwe kila kitu kinaletwa, na mimi sijaona hata kimoja. Nifike Kondoa niseme nini?

Basi nikawaza. Anayetakiwa ni mwenye joto, mtulivu, asiyeoga, asiyekimbia. Jikoni kwa Mama Anyes, kwenye kapu, kuna mtetea anaatamia. Siku ya tisa hajaondoka. Huyo ndiye msomi!

Saa saba, Mama Anyes akiwa shambani kwake na Dada Mercy akiandika chumbani, nilitoa mayai kumi na moja na kuweka visahani kumi na viwili. Mtetea alinidonoa mara mbili, akavikalia. Nilitia mkono chini yake. Joto safi kabisa. Mayai nikayatia kwenye mifuko ya mkanda, yasipoe, na mkanda uonekane umejaa. Mfuko wa kumi na mbili nikatia kitunguu. Kila mtu ana joto lake, hakuna aliyedhulumiwa.

Video ilikuwa nzuri kwa robo saa. Kisha Mchina mmoja aliruka juu ya ukuta, ukumbi mzima ukaruka naye, na Khamisi mwenyewe, mtu wa kilo mia, akatua tumboni kwangu. Mayai mawili. Yalishuka taratibu mguu wa kushoto mpaka kwenye kiatu. Khamisi akasogea kando, akaniuliza kwa sauti kama nina choo cha kuaminika.

Kutoka benchi la nyuma nikasikia: "Jamani, mpisheni, chupa imepasuka!"

Hebroni! Ambaye saa hiyo alitakiwa kuwa anaosha chupa za Dada Mercy. Nikamtazama, akanitazama. Tukaelewana. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Nilikanyaga baiskeli kama mwizi. Saa tisa na nusu niko jikoni. Mtetea hayupo kwenye kapu! Yuko uani, anakula. Kifuniko cha kisahani kimoja kimefunguka, uji umeisha wote, umedonolewa mpaka chini. Vingine vimegeuzwa na kuchakurwa, viwili vina kinyesi. Nilivipangusa vizuri kwa leso yangu, leso safi ya juzi. Kile kilicholiwa nilikijaza uji wa asubuhi wa Mama Anyes. Mayai tisa nikayarudisha kapuni, visahani nikavirudisha mkandani.

Saa kumi juu ya alama nikakabidhi. Dada Mercy kasema hajui angefanya nini bila mimi.

Ijumaa, 11 Juni

Mambo makubwa!

Dada Mercy alifunua visahani asubuhi. Madoa ya njano alikuwa akiyategemea. Lakini kuna ya kijani, ya machungwa, na kimoja kimeota ndevu nyeupe. Hayahesabiki. Alisema hajawahi kuona maji ya kutisha namna hii. Visima vyote kumi na viwili! Nilimwuliza kama profesa atafurahi. Akasema profesa hatalala.

Nikaona mlango wa maabara unafunguka wenyewe.

Kisha akaandika barua kwa ofisi ya afya ya wilaya. Visima vyote vifungwe kuanzia Jumatatu. Watu wachote mtoni. Profesa ataipeleka kwa mkono wake.

Hilo sikulipanga. Mpaka adhuhuri habari ilikuwa Ipyana nzima. Mama Anyes kamwaga maji yote ya nyumbani, mtungi na ndoo. Hakuna chai. Akasema miguu yake haiwezi kwenda mtoni na kurudi kila siku, labda arudi kwa binti yake Ikolo, lakini huko nako kisima kimeoza. Alisema bila kulalamika, na hilo ndilo lilinikera. Angenigombeza ningekula wali wangu kwa amani.

Niliwaza kusema ukweli. Niliwaza muda mrefu, kama robo saa. Kisha akilini nikamwona shemeji yangu msikitini akitangaza upya. Nikaona njia ya katikati. Nilikwenda kisimani, nikachota kata nzima, nikainywa mbele ya kina mama wote ili wajue maji ni mazuri. Dada Mercy alipita wakati huohuo. Aliona mtu anajitoa mhanga kwa ajili ya sayansi. Kanipa vidonge sita na kuniamuru nikae karibu na choo.

Mama Anyes kasema mtetea wake kaibiwa mayai mawili. Anashuku kicheche. Nikasema vicheche wako wengi.

Jumamosi, 12 Juni

Profesa Eliud alifika saa nne na gari la chuo. Mzee mfupi, mpole, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilivaa shati lililonyooshwa. Dada Mercy alimpangia visahani mezani.

Profesa alitoa kioo cha kukuzia, akatazama cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu akakaa sana. Akaomba kibano. Akavuta kitu kidogo cha kahawia, akakiinua kwenye mwanga.

Unyoya.

Akauliza kwa upole visahani vilitunzwa wapi. Dada Mercy akanionyesha kwa fahari, akamwambia huyu ndiye kabati letu la joto. Profesa akaniomba niinue shati. Akanizunguka. Akasema katika miaka yake thelathini ya kazi ameona matumbo mengi, hajaona lenye manyoya haya.

Mama Anyes alikuwa anaingia na sinia la ndizi. Akautazama unyoya, akasema ni wa mtetea wake, anaujua kama anavyowajua wanawe. Kisha akanitazama mimi. Kisha akasema pole pole, "Mayai yangu."

Nikasema kuku alikuwa msaidizi tu.

Hebroni alianguka kutoka kwenye stuli. Profesa naye aligeuka ukutani, mabega yakitikisika. Lakini Dada Mercy hakucheka wala hakunigombeza. Alikaa kizingitini, akavua miwani, akasema angefunga visima vya kata tatu kwa ajili ya kuku. Akarudia tena, kwa ajili ya kuku. Nilitafuta pa kuangalia, nikaangalia kiatu changu. Bado kinanuka.

Profesa alichana barua ya wilaya. Akasema ofisi ya afya iachwe kwanza, kazi irudiwe. Visima vyote vichotwe upya keshokutwa, yeye atarudi Ijumaa. Visahani vikiharibika tena, sura ya visima itatoka kwenye kitabu cha Dada Mercy na shahada itangoja mwaka. Kuhusu mimi kasema kwanza aone visahani.

Niliomba radhi. Nilimwomba Mama Anyes pia, nikaahidi kumbebea maji mwezi mzima. Akasema ndaga fijo, asante sana, ila nianze sasa hivi. Nikaanza. Ndoo tisa.

Jumapili, 13 Juni

Dada Mercy kaja asubuhi. Kasema alimpima Hebroni mara tano na bado yu baridi. Mkanda unarudi kwangu kesho saa kumi. Hebroni atakuwa mlinzi wangu, haniachi hata chooni. Kanitazama machoni, kaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa.

Na nimeelewa. Nimekaa na jambo hili kutwa nzima na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kuku. Kuku ana mdomo, ana miguu, anapata njaa. Kitu cha joto kisichokula wala kutembea, hapo hakuna anayeweza kunilaumu.

Ambilikile, mwoka mikate wa njia panda, anamaliza kuoka saa tatu asubuhi. Tanuri lake la udongo hubaki na joto mchana kutwa, na yeye hulala. Leo nilipita nikatia mkono, nikahesabu mpaka sita. Joto zuri, la kutulia. Mkono umekuwa mwekundu kidogo, lakini ngozi yangu ni nyepesi. Hebroni nimemweleza. Alinicheka, akaniita mwendawazimu, kisha akauliza mkate wake wa kufunga mdomo utakuwa mzima au nusu. Tumekubaliana mzima. Jumanne, Khamisi anaonyesha sehemu ya pili ya karate.

Nimemwandikia Habiba leo hii. Anitegemee kabla ya Maulidi, na aandae msumari wa kutundikia koti jeupe.