Maini Mfukoni

Jumanne, 18 Desemba 1973

Likizo imeanza. Karibu wiki tatu bila kuhesabu misumari ya serikali stoo. Nimekaa barazani kwetu Bugolobi, shati jipya, kola ndefu, sina neno na mtu.

Saa kumi na moja akapita Safinah. Ni mpwa wa jirani yetu wa fleti ya chini, Sajini Sebit, polisi mstaafu. Amekuja kutoka Arua kula Idd, anarudi tarehe tano Januari. Anasomea unesi. Ana mwanya. Nimekwisha!

Tatizo ni moja. Ameshika kamba, na kwenye kamba yuko mbwa. Anaitwa Tangawizi, mbwa wa polisi aliyestaafu pamoja na Sajini. Mimi mbwa namwogopa tangu utoto. Isitoshe, kwetu Waislamu mbwa akikulamba unaosha mara saba, moja kwa udongo. Sajini anasema ameosha mikono hivyo miaka kumi na minane ya kazi na mbwa wa polisi, hata alama za vidole zimefutika.

Safinah akaniuliza kama napenda mbwa, maana mtu anayekataliwa na Tangawizi, yeye pia humkataa. Nikamwambia nimelelewa na mbwa. Mama alikuwa nyuma yangu anaanua nguo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 20 Desemba

Nina mpinzani. Kamis, dereva, mwenye Pijo 504 na miwani myeusi. Leo amemletea mke wa Sajini kilo mbili za sukari. Sukari! Sisi wengine tunakunywa chai bila sukari na kusifu harufu yake.

Lakini Tangawizi alimwona Kamis akaonyesha meno yote. Kamis akarudi garini akapandisha vioo, akaaga kwa mkono. Safinah akatikisa kichwa. Nilifurahi hata nikala chakula cha Mama mara mbili.

Nimepata wazo. Kesho nakwenda kwa muuza nyama kununua maini.

Jumapili, 23 Desemba

Maini robo kilo, yamechomwa kidogo, yamefungwa kwenye gazeti, mfuko wa kulia wa suruali. Nikasimama, sikukimbia. Tangawizi akaja, akanusa, akakaa, akaniwekea kichwa pajani. Safinah akasema mbwa huyu alimsumbua mke wa mjomba miezi minne kabla ya kumkubali. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba wanyama huujua moyo wa mtu.

Kisha Tangawizi akanilamba mpaka kwenye kiwiko.

Nyumbani bomba limekauka. Nikaosha kwa maji ya ndoo na udongo wa kwenye kopo la maua. Mama akasimama mlangoni kuhesabu. Nilipofika mara ya tano akasema aliniona nimeruka ya tatu, nianze upya. Mkono umekuwa mwekundu. Nina furaha sana.

Jumanne, 25 Desemba

Wakristo wanasherehekea, mji umetulia. Nikamwalika Safinah tutembee mpaka Kansanga. Tangawizi akaja, hakuna aliyemwalika.

Njiani kizuizi cha askari. Safinah akapita. Mimi nikapekuliwa. Askari akatoa gazeti mfukoni, akalifungua, akaniuliza kwa nini natembea na nyama kwenye suruali. Je, ni magendo? Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikaanza kueleza habari ya mbwa.

Tangawizi akaja akakaa mbele ya askari, mgongo wima, masikio juu. Askari akamtazama vizuri. Akasema huyu si yule aliyewakamata wezi wa mabati? Akamsalimu, akauliza hali ya Sajini. Kisha akanirudishia maini na kuniamuru nimpe huyo mbwa mzee chakula chake, nisimcheleweshe. Nimepita kizuizi kama mpishi wa mbwa.

Safinah alikuwa hatua kumi mbele anatazama mafunjo. Hakuona chochote, alhamdulillahi.

Ijumaa, 28 Desemba

Tangawizi amehamia kwetu. Tangu juzi analala mlangoni, na akifukuzwa anarudi. Sajini amenuna, ananipita bila salamu. Mama anaosha kizingiti mara saba kila asubuhi na kuniita majina ambayo sitayaandika humu.

Hata hivyo mpango umezidi nilivyoupanga. Safinah anakuja asubuhi na jioni kumchukua mbwa, na kila akija Mama anamkalisha, anampa kahawa, wanasuka vikapu. Wanacheka sana. Nikiingia wananyamaza. Nadhani wanazungumzia sifa zangu.

Kamis amepita na sukari nyingine. Hakushuka garini.

Alhamisi, 3 Januari 1974. Idd

Kanzu nyeupe, koti la marehemu baba. Maini kwenye mfuko wa koti, kwa sababu baada ya swala nilitaka kusalimiana na Safinah mbele ya watu wote, mbwa akishuhudia. Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani Tangawizi angesubiri mpaka baada ya swala.

Tulikuwa rakaa ya pili, uwanjani. Nikasikia safu ya nyuma inasogea, kisha safu yetu. Nikafumba macho. Tangawizi akauvuta mfuko, ukachanika wote, maini yakaanguka kwenye mkeka wa Kamis. Kamis akacheka kwa sauti kabla ya salamu, na swala yake ikaharibika. Hilo lilinifariji kidogo tu.

Safinah akaja kumfunga mbwa kamba. Aliniambia taratibu kwamba alijua tangu Jumapili ile, kwa kuwa yeye ndiye anayemsafisha Tangawizi, na mdomo ulinuka maini. Tena Mama alishamweleza kwamba nikiwa na miaka kumi na miwili nilipanda juu ya tangi la maji kwa kumkimbia mtoto wa mbwa, nikashushwa na zimamoto.

Nikamwuliza kwa nini alininyamazia. Akasema alitaka kuona mtu anayeogopa hivyo ataosha mara saba kwa siku ngapi na bado arudi kesho yake. Ameona, na ameridhika. Kama nina nia, nipeleke wazee kwa baba yake Arua mwezi wa nne. Niende nilivyo, bila hila. Nikaapa.

Nililia. Nimewaambia watu ni moshi wa mishikaki.

Jumapili, 6 Januari

Jana ameondoka na basi la Arua. Alinipungia mimi kwanza, mbwa baadaye. Sajini amerudisha salamu. Mama ananitazama kama mtu aliyefaulu mtihani bila kusoma. Nimelala vizuri kama mtoto.

Leo Sajini amenieleza habari za baba mkwe. Anafuga nyuki, mizinga arobaini, na hana mazungumzo na mwanamume asiyejua nyuki.

Nimetafakari kiapo changu kwa uzito wote. Safinah alisema niende nilivyo. Basi nimemwandikia baba yake barua ya heshima, kurasa mbili, kujitambulisha nilivyo: Fadhul, karani wa stoo, mwenye mizinga sita Ntinda, asali safi. Nimeitia posta.

Kesho kutwa nakwenda Ntinda kutafuta mizinga. Nyuki nitawafikiria baadaye.