Damu ya Shemeji, Jina Langu

Jumatatu, 4 Mei
Tangazo limebandikwa mlangoni mwa chumba cha kukatia. Wafanyakazi wote tukapimwe sukari Jumatano, zahanati ya jirani, tumbo tupu. Upuuzi mtupu! Kiwanda cha kushona sare za shule kinataka damu yangu ya nini?

Najua ya nini. Msimamizi wetu anastaafu mwezi huu. Tumebaki wawili wa kumrithi: mimi, niliyekata vitambaa hapa kwa miaka kumi na tisa, na Kamusi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna asilolijua. Kamusi ana kisukari. Wala hafichi! Anajigamba eti walimgundua mapema, kabla hajahisi chochote, na sasa anakuja kazini kwa miguu na kikopo chake cha mboga. Mgonjwa hawezi kuwa msimamizi. Kwa hiyo mimi lazima niwe mzima, tena kwa maandishi.

Jumanne, 5 Mei
Nimeharibu mashati arobaini. Mikono yote ya kushoto mifupi. Mstari wa chaki ulikuwa unacheza mbele ya macho. Chaki za siku hizi ovyo kabisa. Kamusi akauliza kama naona vizuri, na mbona nimekwenda chooni mara sita kabla ya chakula cha mchana. Anahesabu! Nikamwambia naenda chooni kwa sababu nakunywa maji, na nakunywa maji kwa sababu nafanya kazi, jambo ambalo yeye hana uzoefu nalo.

Nyumbani mke wangu naye kaanza. Nimekonda, suruali inanivuka, nikapimwe. Nikamjibu kwamba mwanamume hukonda kwa mawazo.

Hata hivyo sipendi kubahatisha. Nimepata mpango. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mwalimu wa michezo. Anakimbia kila asubuhi, hana kitambi, hagusi soda. Ataenda na fomu yangu, atoe damu kwa jina langu. Nitampa koti langu la harusi, alilolimezea mate miaka yote. Mke wangu hajui kitu.

Jumatano, 6 Mei
Shemeji kaenda, kachomwa kidole, kaondoka na koti. Nesi hakuuliza hata kitambulisho. Safi sana! Nimesherehekea kwa soda mbili kubwa, nikizinywa taratibu mbele ya Kamusi na mboga zake.

Ijumaa, 8 Mei
Balaa. Jana nesi alinipigia simu kazini. Majibu "yangu" yako juu sana, nirudie kipimo. Nilimpigia kelele mpaka chumba kizima kikasikia. Kisha nikamvaa shemeji: umekula nini wewe? Akaapa hajatia hata punje mdomoni. Leo asubuhi nikamsindikiza mwenyewe mpaka mlango wa zahanati. Juu tena! Mwanamichezo wa bure kabisa. Nimempa koti zuri, kanipa ugonjwa.

Kamusi akaja mezani kwangu na sauti ya upole. Eti nisikate tamaa, eti jioni tutembee pamoja. Anifundishe mimi kutembea! Meneja naye kanipa pole. Sitaki pole. Nataka cheo.

Jumamosi, 9 Mei
Shemeji kaingiwa na hofu, kamwaga kila kitu kwa dada yake. Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimpeleka zahanati, wakaeleza ukweli. Daktari kasema hata wembamba hupata ugonjwa huu, hasa kama baba yao alikuwa nao, lakini shemeji ana bahati. Macho, figo na miguu bado salama. Ataanza dawa, atabadili chakula, na mbio zake aendelee nazo.

Nikawakumbusha nani kamwokoa. Bila mpango wangu angejua vipi? Nilitegemea shukrani, au angalau koti langu. Mke wangu akaketi kitandani, machozi yakimtoka.

"Yeye sasa anajijua," akasema. "Wewe nikuzike bila kujua kilichokuua?"

Maneno gani hayo ya kumwambia mume? Yaliniuma, nakiri. Nikanywa maji, glasi tatu. Akasema Jumatatu tunaenda wote wawili, na hapo hakuna mjadala.

Jumatatu, 11 Mei
Tumekwenda. Mke wangu alinishika mkono kama mfungwa, akaniketisha kwenye benchi. Na nani yuko pale? Kamusi, kwa kipimo chake cha kila miezi mitatu. Akanong'ona kwamba meneja kampa cheo asubuhi hii. Mgonjwa, kanipita mimi! Damu ikanichemka. Nikamwambia mke wangu naenda chooni, na kweli nilikuwa nimebanwa.

Nilipotoka nikapita dirisha la mapokezi, nikaomba kuona faili langu. Majibu ya shemeji yote yamehamishiwa kwenye faili lake. Kwenye langu nesi kayakata kwa kalamu nyekundu, chini yake kaandika kwa herufi kubwa: HAJAPIMWA.

Nikalisoma neno hilo mara mbili. Hajapimwa! Yaani hakuna karatasi hata moja duniani inayosema nina kisukari. Nikaomba nakala mbili, nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda kuiweka moja mezani kwa meneja aone alivyokosea. Nyingine nimeibandika ukutani, Kamusi aisome kila asubuhi.

Mke wangu nadhani bado ananingoja kwenye benchi.