Vidoa Mdomoni mwa Nzomo

Kiilu wa Mbuvi,
Matiliku.
Agosti, 1986

Kwa Daktari Mkuu wa Wilaya,

Bwana Mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana Yesu, wewe na wote wa ofisi yako. Nakuja na malalamiko juu ya daktari wa zahanati yetu, kijana Muthama, ambaye ananivunjia nyumba.

Binti yangu Muthoki ameposwa na Nzomo, fundi redio wa Makindu. Kwetu, kabla ya kupokea mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, mzee huuliza kwanza kama ukoo ule una maradhi. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Nzomo alicheka, mdomo wa juu ukakunjuka, nikaona ndani vidoa vidogo vya manjano kama chenga za unga. Nikakataa mbuzi, nikampeleka zahanati ili serikali ithibitishe. Sasa soma nilivyotendewa.

1. Muthama alimulika tochi, akasema hivyo ni vitezi vya mafuta, haviumi, haviambukizi, na havina dawa kwa sababu si ugonjwa. Nilimwomba aangalie tena. Akaangalia, akasema vilevile. Mtu atoke nyumbani alfajiri, hata ugonjwa mdogo asipewe?

2. Akasema watu wazima wengi wanavyo, na ili niamini akaanza kukunjua midomo ya waliokuwa kwenye foleni. Pasta alikuwa navyo. Kalondu wa kwaya alikuwa navyo. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilichunguliana midomo wakati wa maombi.

3. Mwisho akakunjua wangu, akatangaza kwamba nimemshinda Nzomo kwa wingi. Watu walicheka sana. Nzomo peke yake aliinamisha kichwa kwa heshima, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

4. Kama kila mtu ana vidoa, baba atamkataa mkwe kwa lipi? Nzomo halewi, anasali, na redio yangu aliitengeneza bure. Mama Muthoki alifariki, kaka zake wako Mombasa. Jioni macho yangu yakichoka, Muthoki ndiye hunisomea Biblia. Nilihitaji ugonjwa, Bwana Mkubwa.

Kwa hivyo naomba vidoa hivi vitangazwe ugonjwa, wilaya nzima au Makindu peke yake, na Muthama ahamishwe apelekwe penye wagonjwa wa kweli.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na askari wa langoni.

Ni mimi mwenye kukuheshimu,
Kiilu wa Mbuvi

N.B. Nilimpa Muthoki anisomee barua hii nione kama kuna makosa. Alipofika namba nne sauti ilimkatika. Asubuhi nilituma watu wamwite Nzomo. Tafadhali usimhamishe Muthama. Atakuja arusini Desemba, ila nimemwomba aiache tochi nyumbani. Na ukiona karatasi hii ina mafuta, ni ya mbuzi wa ntheo. Tumeshawala, na kwetu wakishaliwa, neno halirudi nyuma.